Tume ya Kuudhika kwa Niaba ya Wananchi

Nchi yetu ya Kandoni haina tatizo lolote. Nalisema hili mapema ili msomaji asipoteze muda wake kulitafuta. Barabara zetu zina mashimo, ndiyo, lakini ni mashimo yanayojulikana na kila mtu. Umeme hukatika, lakini hukatika kwa ratiba. Na mtu akiugua, hospitali ipo. Ni dawa tu ndizo zinazokuwa safarini. Kwa hiyo serikali yetu, ambayo haipendi kukaa bure, ilipokosa tatizo la kushughulikia ilikaa ikafikiri sana, mwisho ikakumbuka kwamba tunazo filamu za zamani.

Filamu zenyewe si nyingi. Zilitengenezwa baada ya uhuru, wakati kila nchi jirani ilikuwa inaanzisha shirika la ndege. Sisi tukaanzisha shirika la filamu, kwa sababu kamera ikiharibika haianguki na watu. Tunazipenda filamu hizo kupita kiasi. Hakuna mtu Kandoni asiyezijua kwa moyo, neno kwa neno. Watu wakigombana sokoni hutukanana kwa maneno ya filamu, wakiposana huposana kwa maneno ya filamu, na yupo hakimu mmoja wa wilaya aliyewahi kusoma hukumu nzima kwa maneno ya jambazi. Mshtakiwa akamjibu kwa maneno ya polisi, na watu wote wakaenda nyumbani wameridhika.

Basi siku moja Waziri wa Maadili, Mheshimiwa Daktari Jumbe Mlamali, alisimama bungeni.

"Ulimwengu mzima unazitazama upya filamu zake," alisema. "Wenzetu wanauliza: ndani ya filamu hizi nani alidhihakiwa? Nani alidharauliwa? Je, sisi Kandoni tubaki nyuma hata katika kuudhika?"

Wabunge wakapiga meza. Mbunge mmoja mgeni, ambaye bado alikuwa hajazoea, akauliza ni mwananchi gani aliyelalamika. Mheshimiwa Mlamali akamjibu kwa upole kwamba wananchi wana shughuli nyingi. Wanalima, wanauza, wanapanga foleni. Hawana nafasi ya kuudhika ipasavyo. Serikali yao itawabebea mzigo huo.

Ndivyo ilivyoundwa Tume ya Kuudhika kwa Niaba ya Wananchi.

*

Mwenyekiti wa Tume aliteuliwa Bwana Fikirini Kilua, mzee mnyoofu mwenye kichwa kisicho na unywele hata mmoja, aliyesifika kwa wepesi wa kukwazika. Aliwahi kumshtaki jirani yake kwa kumwamkia huku anatafuna. Katibu alikuwa Bi Zawena, mwanasheria kijana aliyetoka chuo juzijuzi, na kazi yake ilikuwa kuandika "Tume imeudhika" kila Tume inapoudhika. Wajumbe wengine walikuwa ndugu wa watu. Walipewa jengo la Sinema Zuhura, ukumbi wetu wa zamani wenye viti vya mbao, pamoja na posho ya kikao. Mjumbe aliyeudhika hadi kutoa machozi aliongezewa posho ya machozi, na ikashangaza jinsi filamu za kuchekesha zilivyowaliza.

Walianza na ile filamu tuliyoipenda sana kuhusu jambazi wa stesheni. Ndani yake kulikuwa na kinyozi mwenye kipara. Bwana Kilua akajishika kichwa, akasema watu wenye vipara wamedhalilishwa, kinyozi akakatwa. Kulikuwa na karani aliyelala juu ya meza yake. Watumishi wa umma wakaudhikiwa, karani akakatwa akiwa bado amelala. Kulikuwa na polisi mnene aliyekimbia kwa taabu, naye akaondoka. Mwisho mjumbe mmoja akakumbusha kwamba hata jambazi ana wazazi, na wazazi wake wanajisikiaje? Wakamkata jambazi.

Ilipotoka, filamu hiyo ilimwonyesha mpelelezi shujaa akikimbia mitaani tangu mwanzo hadi mwisho, bila kumfukuza mtu yeyote, kisha akivishwa nishani. Gazeti la serikali lilisifu kwamba hii ndiyo picha sahihi kabisa ya kazi ya vyombo vyetu vya usalama. Mwandishi aliitwa aeleze alikuwa na maana gani.

Filamu ya mapenzi nayo ikatakaswa. Walitoa busu kwa sababu za maadili, wakatoa umaskini wa kijana kwa heshima ya maskini, wakatoa ukali wa baba mkwe kwa heshima ya wakwe. Ikabaki hivi: kijana anamwambia msichana, "Hujambo?" Msichana anajibu, "Sijambo." Halafu wana mtoto. Wazazi walifurahi kwamba sasa filamu inafaa kwa watoto, ila watoto wakaanza kuogopa kusalimiana.

Tatizo, kama tungekuwa na tatizo, ni kwamba watu walizicheka filamu hizo kuliko walivyozicheka mwanzo. Tume ikatuma wachunguzi ukumbini wakaangalie ni kitu gani kinachochekwa. Wachunguzi walirudi wanajifuta machozi, hawakuweza kutoa taarifa.

*

Kisha ikafika zamu ya "Mke wa Fundi Saa".

Kwa msomaji wa nje lazima nieleze. Hii ndiyo filamu ya mioyo yetu. Na ndani yake lipo tukio moja ambalo ndilo hasa linalotufanya tuwe taifa. Fundi saa anarudi nyumbani. Mkewe anampa kikombe cha chai. Fundi anaonja, anakunja uso, anasema, "Chai imepoa!" kisha anamchapa mkewe kofi. Mke anaangukia nyuma ya meza, miguu juu, viatu vinaruka, kikombe kinabiringika taratibu hadi mlangoni. Watu walikuwa wakicheka hapo mpaka wanashikana mabega. Nami nilicheka. Babu yangu, wanasema, alizimia.

Fundi saa huyo aliigizwa na kijana mmoja mwenye meno mazuri aliyeitwa Jumbe Mlamali. Naam, ndiye yeye. Alipogombea ubunge, mabango yake yaliandikwa "Chai imepoa!" na hakuna aliyeuliza maana yake ni kuahidi nini. Alishinda kwa kishindo.

Tume iliitazama filamu hiyo kwa uangalifu mkubwa. Mjumbe mmoja aliona kwamba wakulima wa chai wamekosewa heshima, kwa kuwa chai ya Kandoni inasifika kukaa na moto. Akapendekeza neno "imepoa" linyamazishwe. Wenzake wakamuuliza kwa kunong'ona neno hilo linatoka kinywani mwa nani. Akaomba radhi, akasema macho yake yana ukungu. Redio ikatangaza siku hiyohiyo: "Mke wa Fundi Saa" ni filamu safi, haina doa, itafungua Tamasha la Taifa la Filamu Zilizotakaswa.

Kuhusu mke aliyeanguka, Tume haikuwa na la kusema. Nadhani hawakumwona. Alikuwa nyuma ya meza.

*

Tangazo hilo lilisikika ndani ya gari dogo lenye breki za miguu pande zote mbili, mali ya Shule ya Udereva ya Bi Ruzuna Shelali. Bi Ruzuna alikuwa mama mrefu, mzee kidogo, mwenye sauti iliyowafundisha nusu ya madereva wa mji wetu kushika njia yao. Alikuwa akimfundisha mchungaji mmoja kupinda kona. Aliposikia maneno "haina doa," alikanyaga breki ya upande wake.

"Baba mchungaji, kaa hapa hapa. Usiguse kitu."

Akashuka, akavuka barabara, akapanda ngazi za Sinema Zuhura.

"Hodi!"

"Karibu, mama," alisema Bwana Kilua. "Una shida gani?"

"Nimeudhika."

Bwana Kilua akachangamka, maana tangu Tume ianze kazi hakuwa amewahi kumwona mwananchi. "Vizuri sana. Umeudhika kwa niaba ya nani?"

"Yangu mwenyewe."

Wajumbe wakatazamana. Bi Zawena akafungua kitabu cha sheria, akapekua mbele, akapekua nyuma.

"Mama," alisema Mwenyekiti, "hapo kuna ugumu. Sheria inasema kuudhika kutafanywa na Tume. Mtu akiudhika binafsi anakuwa anafanya kazi ya serikali bila kibali."

"Basi nikamateni. Lakini nikimaliza kusema."

Hapo Bi Zawena akamtazama vizuri. Akamwona jinsi alivyosimama, akaziona zile nyusi. Uso wake ukang'aa kama wa mtoto. "Mama! Si wewe ndiye yule... Chai ime..." Na mkono wake, bila yeye kuutuma, ukaanza kupanda hewani kama kofi.

Bi Ruzuna aliutazama mkono huo. Aliutazama mpaka ukashuka wenyewe ukajificha chini ya meza.

"Ndiye mimi," alisema, akavuta kiti akaketi. "Sasa nisikilizeni. Kofi lile halikuwa limeandikwa. Mchezo ulisema fundi aweke kikombe chini anune, basi. Mwongozaji, Mungu amrehemu, akamvuta Jumbe pembeni akamnong'oneza ampige kweli, ili uso wangu uwe wa kweli. Mimi nilikuwa msichana tu, ile ndiyo kazi yangu ya kwanza, nimevaa viatu vya kuazima. Nilianguka kwa sababu sikujua linakuja. Jino likatoka. Ile miguu mnayoicheka, hapo sikuwa naigiza."

Bi Zawena akaiweka kalamu chini.

"Tangu siku hiyo sina jina. Nikiingia benki, chai imepoa. Nikimfundisha mtu kurudi nyuma, chai imepoa, na mkono juu. Siku tuliyomzika mume wangu, watu wamepanga mstari kunipa pole, mmoja akanishika mkono akaniambia, 'Pole sana, mama,' halafu akaniinamia sikioni: 'Chai imepoa.' Akatabasamu. Alidhani ananichangamsha."

Bwana Kilua alikohoa. Alitazama dirishani, akatazama kiganja chake. "Kwa hiyo, mama, unataka kipande hicho tukikate."

"Nani amesema mkate? Mmeshakata vya kutosha. Nataka mrudishe. Kamera haikuzimwa pale mnapodhani ilizimwa. Yapo yaliyofuata. Fundi aliyekuwa akiunganisha mikanda aliona haya kukitupa kile kipande cha mwisho, akanipa mimi. Kipo nyumbani."

*

Kesho yake asubuhi alikileta. Walikitazama watatu tu, Mwenyekiti, katibu na Bi Ruzuna mwenyewe, kwani wajumbe wengine walipojua hakuna posho walikuwa na udhuru. Kilipokwisha, Bi Zawena alitoka nje haraka. Bwana Kilua alibaki ameketi, miwani ameivua. Tangu ateuliwe alikuwa ameudhika asubuhi na jioni, lakini hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuudhika bila malipo, na hakujua mikono yake aiweke wapi.

Mchana huo akampigia simu Waziri.

"Mheshimiwa, kumepatikana kipande cha 'Mke wa Fundi Saa' ambacho hakijawahi kuonyeshwa."

"Mimi nimo?"

"Umo, Mheshimiwa."

"Uso wangu unaonekana?"

"Unaonekana sana."

"Basi kiwekwe. Wananchi wasinyimwe haki yao."

Bwana Kilua alikuwa mtumishi mwaminifu. Alijibu yote aliyoulizwa, na ambayo hakuulizwa hakuyajibu. Alipoweka simu chini Bi Zawena aliona ametoka jasho kipara kizima, lakini ametulia.

*

Tamasha lilifunguliwa Jumamosi alasiri. Sinema Zuhura ilijaa mpaka watu wakakaa ngazini. Mheshimiwa Mlamali alikaa mbele kabisa kwenye kochi lililoletwa kutoka wizarani, na kabla taa hazijazimwa alitoa hotuba kuhusu usafi. Alisema filamu ni kioo, na kioo kinatakiwa kufutwa, na anayefuta kioo ni serikali, na kitambaa ni sheria. Tukapiga makofi. Bi Ruzuna alikaa katikati ya ukumbi na kundi la wanafunzi wake wa udereva, mchungaji akiwemo.

Filamu ikaanza. Tukaisema yote pamoja nayo, kama kawaida. Fundi saa akarudi nyumbani. Mke akaleta kikombe. Fundi akaonja, na ukumbi mzima, mabibi, masheha, askari wa mlangoni, tukapaza sauti kwa pamoja: "Chai imepoa!" Kofi likalia. Miguu juu. Tukacheka mpaka viti vikalia.

Kila mmoja wetu anajua kinachofuata. Linafuata duka la saa, na kasuku.

Duka halikuja.

Ilikuja sebule ileile. Tukaendelea kucheka kwa mazoea, kisha tukapungua. Msichana alikuwa anainuka taratibu nyuma ya meza. Alikuwa mdogo! Hatukuwahi kuona alivyokuwa mdogo, kwa sababu filamu ilikuwa ikimwacha chini. Akajifuta mdomo, akatazama kiganja chake, na kiganjani mlikuwa na damu na kitu kidogo cheupe. Hakumtazama mumewe. Alitazama upande wetu, akauliza kwa sauti ambayo si ya maigizo:

"Nani amemwambia?"

Badala ya jibu tukasikia kicheko. Ni wale wanaume waliokuwa nyuma ya kamera. Walikuwa wanacheka kabisa, wanashikana mabega, yaani ungesikia tu ungejua. Na sisi tulioketi ukumbini tulikisikiliza kicheko kile tukakitambua. Ni kile kile chetu.

Kijana Jumbe alisimama katikati, akawatazama wale wenziwe aone kama inafaa kucheka, akaona inafaa, akacheka.

Hapo msichana akachukua birika. Hakufanya haraka. Akalifungua kifuniko, akamjia, akammiminia chai yote mapajani. Na ndipo taifa la Kandoni lilipojua, baada ya miaka yote hiyo, kwamba chai haikuwa imepoa.

"Mama yangu wee!" alilia fundi saa. Akaruka, akazunguka, akatafuta mlango asiuone, akapita ukutani. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba na karatasi. Ukaanguka wote, tukaona nyuma yake jua, mbuzi wawili, na mwongozaji ameshika kichwa.

Halafu huko juu ngazini mwanamke mmoja akapiga makofi, peke yake. Akafuatwa na mwingine. Baadaye kikaja kicheko pia, lakini hiki kilikuwa kinaanzia mahali pengine.

Mheshimiwa Mlamali alisimama kwenye kochi lake. "Zima! Zima hiyo! Filamu hii inaniudhi!"

Bwana Kilua, aliyekuwa nyuma yake, akainuka kwa adabu. "Kwa niaba ya nani, Mheshimiwa?"

"Yangu! Mimi!"

"Basi samahani, Mheshimiwa. Sheria uliyotutungia haimtambui mtu wa aina hiyo."

Nilimtazama Bi Ruzuna. Wanafunzi wake walikuwa wanampigapiga mgongoni. Yeye alikuwa anakitazama kitambaa cheupe cha sinema, ambacho sasa hakikuwa na kitu, kama mtu anayengoja gari la mbele lisogee.

*

Serikali yetu ni sikivu. Siku chache baadaye Tume ya Kuudhika ilivunjwa, ikaundwa Tume ya Kutoudhika, wajumbe walewale, posho ikapanda. Bwana Kilua hakumo. Alistaafishwa kwa sababu za kiafya, na afya yake ikawa nzuri tangu hapo. Vipande vyote vilivyokatwa viliamriwa virudishwe upesi, na kwa sababu ya upesi huo vilirudishwa popote penye nafasi. Leo hii, katika filamu ya mapenzi, kijana akishasema "Hujambo?" anapita polisi mnene anakimbia kwa taabu. Wengi wetu tunaona imekaa vizuri zaidi.

Mheshimiwa Mlamali alihamishiwa Wizara ya Maji, ambako hakuna maji, na baada ya uchaguzi hakuwa tena mheshimiwa wa kitu chochote. Lakini kabla sijamaliza ni lazima niseme alichokifanya, kwa sababu sikukitarajia.

Alikwenda kwa miguu hadi uwanja wa Shule ya Udereva, saa za asubuhi, mahali penye watu. Bi Ruzuna alikuwa anapanga matairi ya mazoezi. Hakumkaribisha wala hakumfukuza.

"Bi Ruzuna," alianza Mlamali, akaliweka sawa koti lake. "Kwa yale yaliyotokea, nchi yetu inasikitika sana..."

"Nchi haikunipiga, Jumbe."

Akajaribu tena. "Zamani zile, unajua, mwongozaji ndiye..."

"Mwongozaji naye hakunipiga. Alinong'ona tu."

Mlamali alitazama chini. Mzee yule aliyekuwa na sauti ya kujaza uwanja wa mpira akasema kitu ambacho hata mimi, niliyekuwa nimekuja kujifunza udereva, hatua chache tu kutoka kwao, sikukisikia.

"Sijasikia," alisema Bi Ruzuna. "Kofi lako lilisikika nchi nzima."

Basi akainua kichwa. Wanafunzi walikuwa wamezima magari. Mama mmoja aliyekuwa akinunua vitunguu ng'ambo ya barabara alisimama na vitunguu vyake.

"Nilikupiga!" alisema Mlamali kwa sauti kubwa, ikakatika, akaivuta tena. "Nilikupiga, na nilijua limekuuma. Nikacheka kwa sababu wenzangu walicheka. Kisha nikalila kofi lile kama mkate maisha yangu yote. Nisamehe."

Bi Ruzuna akaitikia kwa kichwa, akasema, "Nimekusikia," na Mlamali akaondoka, polepole, akipita kati ya yale matairi.

Nilimfuata Bi Ruzuna nimuulize. Mimi ni mtu wa kupenda mwisho mzuri.

"Kwa hiyo umemsamehe, mama?"

"Nimesema nimemsikia."

"Lakini moyoni umejisikiaje? Umefarijika? Umefurahi?"

Alifikiri kwa dhati. Nilimwona anajitafuta ndani, huku na huku, kwa uaminifu kabisa.

"Njaa," alisema. "Nina njaa sana."

Akaniachia funguo za gari, akavuka hadi hoteli ya pale mkabala, akaagiza wali, maharage, samaki wa kukaanga na mchicha. Akala. Akaagiza tena. Mwenye hoteli alitoka jikoni, akajifuta mikono, akasimama mlangoni kumtazama mwanamke anavyokula.